Dramu ya Breki Niliyomtolea Mungu

Jamani, mkitaka kunicheka nichekeni tu, maana aibu niliyoipata kule Nkoaranga hata mke wangu hataki itajwe nyumbani, lakini nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Mnakumbuka miaka ile mashirika yanauzwa na sisi tunapunguzwa kazini? Kiinua mgongo changu chote nilinunulia pikapu ya mtumba, na Mungu si Athumani, mama mmoja wa Makumira mfanyabiashara wa maziwa akaniahidi kazi ya kumbebea maziwa yake kila asubuhi. Hiyo ndiyo ilikuwa ada ya watoto, ndiyo chakula. Wiki mbili kabla ya kuanza, breki zikagoma, fundi akafungua gurudumu la nyuma, akasema dramu, lile bakuli la chuma la breki, imekwisha, nikatafute nyingine mjini. Ile mbovu akanikabidhi.

Hapo ndipo kichwa changu kiliponiponza. Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno, mwenye ndizi kaja na ndizi, mwenye kahawa kaja na kahawa, mimi sina hata kuku (na baba mkwe wangu ndiye mzee wa kanisa, anasimama pale mbele anaona nani kaleta nini). Nikaipaka ile dramu rangi ya fedha, nikasimama nikatangaza, "Hii iwe kengele yetu!" Vigelegele! Ikatundikwa kwa waya kwenye mti wa kanisani, baba mkwe akaigonga kwa nondo, ikasikika mpaka ng'ambo ya bonde, akasema mbele za watu, "Huyu ndiye mkwe." Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, imebaki Jumatatu nianze kazi, niko duka la vipuri mjini, kule Themi, na hela zangu kamili kwenye leso. Muuzaji akazihesabu, kisha akanyoosha mkono.

"Ya zamani iko wapi?"

"Ya zamani ya nini?"

"Bei hii ni ya kubadilishana, mzee. Mbovu tunaipeleka kuchongwa upya. Kama huna, unaongeza nusu ya bei."

Nusu! Na mimi nimebaki na nauli tu. Nilibembeleza mpaka wateja wengine wakanionea huruma, wapi.

Mtu mwenye akili angeenda kwa baba mkwe akaeleza. Mimi nikaona aibu. Nikasema Jumamosi mchana watu wako shambani, nitaichukua kimya kimya, nikipata hela nitawatafutia nyingine. Nikapanda mti, nikakata waya, na dramu (kile kitu kina uzito, nyie!) ikanichomoka, ikagonga tawi, ikagonga shina, ikagonga mwamba, ngee! ngee! ngee! Na kwetu kengele ikilia siku isiyo ya ibada, ujue ni msiba.

Walikuja mbio na majembe yao, kina mama wamejifunga khanga kiunoni, mmoja ameshaanza kulia. Mbele yao wote baba mkwe, anahema, na mimi niko juu ya mti na koleo la kukatia waya.

"Shikamoo, baba," nikasema. (Ningesema nini?)

"Marahaba. Nani amekufa?"

Nikashuka, nikaeleza yote, machozi yananitoka mbele ya kijiji kizima. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliiokota dramu mwenyewe akaniwekea begani, akasema, "Chukua. Wajukuu zangu wasilale njaa kwa ajili ya kengele."

Nikaikimbiza mjini kabla hawajafunga duka. Muuzaji akaigeuza, akapitisha kidole.

"Hii ina ufa. Yenye ufa hatupokei."

Jumatatu maziwa yalibebwa na gari la mtu mwingine. Pikapu iko juu ya mawe, kuku wa jirani wanatagia humo. Dramu niliirudisha, ikatundikwa palepale, na kila Jumapili inakwaruza kama sufuria iliyotoboka, watu wote wananigeukia, isipokuwa baba mkwe, yeye anaangalia chini. Nimeapa kitu changu kibovu sikitoi tena, hata kwa Mungu, mpaka kipya kiwe kimeshafungwa kwenye gari. Lakini kiapo hakizibi ufa, ndugu zangu, na kesho ni Jumapili.