Mstari Uliomfuta Kaka

Nina hasira za karibu, sikatai, na ndiyo maana niliipenda kazi ya kompyuta: haikujibu vibaya, na ukikosea inakuambia ni mstari wa ngapi. Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa nachapa maandishi katika duka dogo la fotokopi mjini Kitale. Wenzangu walipanga kurasa kwa kubofya na kuvuta mpaka mgongo uwaume. Mimi nilikuwa na njia yangu. Niliandika maneno matupu kwenye kihariri, programu ya kuandikia tu, bila pambo lolote, nikatia alama ndogo za kusema hiki ni kichwa, hii ni orodha. Kisha naita skripti, yaani faili ya amri ambazo kompyuta inazifuata moja baada ya nyingine, na kurasa zinatoka zimejipanga zenyewe, pambizo sawa, namba mahali pake. Alinifundisha mwalimu mmoja wa hesabu wa Bungoma aliyetunga mitihani yake kwa njia hiyo. Hakutaka malipo yoyote, ila nisimwite kila nikikwama. Mungu ambariki popote alipo.

Wateja wetu wengi walikuja kutengenezewa vijitabu vya mazishi. Familia inaleta majina kwenye daftari la shangazi, mengine kwenye karatasi ya binamu, mengine kwenye simu, na mjukuu mmoja ameandikwa mara tatu. Nilichoka kuyachuja kwa macho, nikaongeza mstari mmoja kwenye skripti: jina likijirudia, bakisha la kwanza, futa mengine. Nilijiona fundi kwelikweli. Kwa miaka miwili mstari ule ulifanya kazi na sikusikia mtu akilalamika.

Kisha baba akafariki.

Baba alikuwa na wake wawili, na mimi ni wa nyumba ndogo, ya mke wa pili. Nyumba yetu tulisoma. Kaka yetu mkubwa kuliko wote, wa mama mkubwa, aliacha shule darasa la sita akaenda kulima mahindi upande wa Kwanza, nje ya Kitale, na mahindi hayo ndiyo yaliyonilisha nikiwa chuoni. Kwenye vikao vya mazishi baba wadogo walikuwa wameanza kunong'ona kwamba hawa waliosoma watamsukuma nje ya shamba. Na kwetu, siku ya kuzika, watoto huitwa kwa kufuata kijitabu, mmoja mmoja, wakasimama kando ya jeneza mbele ya kijiji kizima. Asiyeitwa pale, siku ya kugawa shamba pia watu husahau kumwita.

Kijitabu nilisema nitakitengeneza mimi. Nilianza kuandika watoto wa mama yangu, kwa sababu hao nawajua hata usingizini, kisha nikaandika wa mama mkubwa. Skripti ingewapanga baadaye, nyumba kubwa itangulie. Nikachapisha nakala mia mbili na kuzibana pini.

Ijumaa mchana kaka mkubwa alifika dukani na pikapu ya kukodi, atubebe mimi na vijitabu hadi nyumbani, upande wa Bungoma. Akakaa kwenye benchi na nakala moja, akasoma taratibu, kidole kikifuata maneno. Akarudi nyuma, akasoma tena.

"Kazi safi, dada," akasema. "Sasa kesho mimi nitasimama wapi?"

"Si utasimama mbele, wewe ndiwe wa kwanza."

"Hapa sijajiona."

"Soma polepole, bana."

"Nimesoma mara tatu."

Nikamnyang'anya kijitabu. "Jina lako hili hapa."

"Huyo ni mdogo wetu anayefundisha Kapsokwony. Si ameandikwa mwalimu?"

Ni kweli. Wote wawili walipewa jina la babu, maana kwetu hakuna nyumba inayokubali kunyimwa babu. Mmoja alikuwemo kijitabuni, mwingine hakuwemo. Nikafoka ati kompyuta imekosea, kumbe ni aibu iliyokuwa ikinipandisha hasira. Kompyuta ilifanya nilichoiambia. Kabla ya kupanga nyumba, ilibakisha jina lililotangulia, na aliyetangulia ni wa tumbo la mama yangu, kwa sababu ndiye niliyemwandika kwanza.

Nikaufuta mstari ule, nikaita skripti tena, na kabla chai haijapoa ukurasa ulikuwa umetoka, yeye juu kabisa na kila kitu kimejisogeza chini chenyewe. Kwa hilo nilimshukuru yule mwalimu wa hesabu upya. Lakini vijitabu vilikuwa vimeshabanwa. Tukakaa kwenye benchi, kaka akitoa pini kwa ncha ya kisu chake, mimi nikibadilisha karatasi ya katikati na kubana tena. Mara mia mbili.

"Mbona hukuwapigia simu baba wadogo ulipokosa jina lako?" nikamuuliza.

"Niwaambie nini? Nilijua ni wewe umeandika, nikasema nikuulize kwanza."

Nikabana kijitabu kingine. Nilikuwa nawaza vijitabu vyote vya ile miaka miwili. Ni wangapi niliowafuta, wakasimama nyuma ya umati wakidhani ni ndugu zao waliowakataa? Hao hawakuwa na mtu wa kumuuliza. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Tulipomaliza nilitaka karatasi zilizoharibika zibaki dukani za kufungia vitu. Kaka akakataa. Akazibeba zote hadi kwa mama wa chai nyuma ya duka, akazitia kwenye jiko chache chache mpaka zikaisha.

"Watu wakiziona watasema ulikusudia," akaniambia.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimekuja na pikapu. Twende."

Nimesaidiwa na wengi maishani, lakini namshukuru yeye kuliko wote, na sijui kama anajua.

Kesho yake jina lake liliitwa la kwanza. Akatoka na koti lake la kuazima, akasimama kando ya kichwa cha jeneza, mikono nyuma. Baba wadogo wakatazamana. Nyumba kubwa ikaisha, yetu ikaanza, na jina lile likaitwa mara ya pili. Mdogo wetu wa Kapsokwony akaenda mbele, akakuta mstari umejaa, hajui asimame wapi. Kaka akasogea, akampa nafasi kando yake.