Vidole vya Shemeji

Sijawahi kumpenda shemeji yangu na sitaanza leo kwa sababu ya kilichompata. Nasema mapema ili mtu asije akanidai huruma ambayo sina. Kaka wa mume wangu, fundi magari kwa miaka thelathini na moja, mtu mfupi mwenye shingo nene na sauti ya kukwaruza, ndiye aliyenifanya nikaanza kuichukia harufu ya grisi, na grisi ndiyo iliyonivuta katika kazi hii tangu nikiwa shule.

Watu wanamwita Vidole. Jina hilo alijipa mwenyewe, ingawa husema alipewa na wateja. Sifa zake zote zilitokana na ekseli za mbele za magari ya porini. Mwishoni mwa kila ekseli, karibu na gurudumu, kuna jointi inayoliwezesha gurudumu kukata kona huku likiendelea kuvuta. Jointi imejaa grisi, na grisi imefunikwa na mpira wenye mikunjo. Mpira ukichanika au ukichomoka, grisi inarukia ndani ya rimu, mchanga unaingia, na baada ya wiki chache ukikata kona unasikia ta-ta-ta. Ukishasikia hivyo, jointi umeshaizika.

Kufunga mpira mpya si maajabu. Unatoa ekseli, unaosha jointi kwa petroli mpaka ing'ae, unashindilia grisi mpya, unavuta mpira, unakaza klipu mbili, vile vimkanda vya bati vinavyoubana. Pagumu ni mahali pamoja tu. Ndani ya ukingo mwembamba wa mpira kuna mgongo mdogo unaotakiwa kuketi kwenye mfereji uliochongwa kwenye chuma. Mpira ukishapita juu yake, mfereji huuoni tena. Usipoketi sawasawa, klipu utaikaza mpaka jasho likutoke na bado itateleza.

Mafundi wengine hupiga mstari wa chaki kwenye chuma kabla ya kuvuta mpira, wajue uishie wapi. Shemeji alipiga marufuku chaki kwenye meza yake. Alisema chaki ni ya walimu. Yeye alifumba macho, akazungusha vidole viwili juu ya ukingo kama anayepapasa mapigo ya moyo ya mgonjwa, halafu akatamka neno moja, "Imekaa." Wateja walikuwa wanapenda sana mchezo ule. Wengine waliwaleta marafiki zao kuutazama.

Mimi kwa miaka tisa nilishika taa. Banda letu ni la mabati, lina dirisha moja, na meza yake iko nyuma kabisa kwenye giza. Nilishika taa ya waya, ile ya balbu ya zamani yenye kikapu cha chuma, na kila mkono uliponitetemeka aliniambia mbele ya watu, "Shika taa vizuri, usiniyumbishie." Hakuniita fundi hata siku moja. Kwa wateja nilikuwa "mke wa mdogo wangu," kana kwamba nimepita kuleta chakula nikasahau kuondoka. Nyumbani alikula kwenye meza yangu na kusema nyama imekaza. Nikimlalamikia mume wangu, aliniambia nimvumilie, kaka yake ndiye aliyemlea. Nikamjibu kwamba basi amvumilie yeye aliyelelewa, mimi nililelewa na watu wengine.

Sasa lilikuja gari la wapima ardhi. Gari kubwa jeupe, linashinda kwenye mawe na mchanga. Shemeji alilifunga mipira mipya mbele, kulia na kushoto. Baada ya wiki tatu likarudi, rimu imetapakaa grisi. Alisema mpira ulikuwa feki. Akafunga mingine. Likarudi tena. Alisema dereva anaendesha kama anakimbizwa. Mara ya tatu halikurudi lenyewe, lilivutwa kwa kamba. Jointi ya kushoto ilikuwa imesagika katikati ya pori, na wapima walikuwa wamelala humo siku mbili kwa chupa tatu za maji.

Dereva wao, mtu mpole kwa kawaida, alisimama mlangoni akaongea mpaka mate yakamkauka. Mwenye gereji, mzee wa miwani asiyependa kelele, akauliza ni nani hasa aliyefunga ile mipira. Shemeji hakusita. Alininyooshea kidole bila hata kunitazama.

"Klipu alikaza huyu," alisema. "Nilimhurumia, nikamwachia akaze."

Damu ilinichemka. Klipu ile sikuwahi kuigusa, hakuniachia kitu chochote chenye thamani zaidi ya tambara. Nilimwambia hivyo mwenye gereji, naye akanitazama kwa ile huruma wanayotazamwa nayo watu wasioaminiwa. Upande mmoja miaka thelathini na moja, upande mwingine mke wa mdogo wake. Akaamua kwamba kesho asubuhi kazi itarudiwa mbele ya macho yake. Mpira nitafunga mimi, shemeji atakagua. Nikikosea, nikusanye vitu vyangu.

Nilibaki nafagia kwa hasira. Shemeji alikuwa bado anabishana na dereva, huku anakata mkia wa klipu kuukuu kwa koleo. Bati la klipu ni jembamba na lina makali. Nililiona likimpasua ncha ya kidole cha shahada. Damu ikatoka, ikadondokea suruali, ikadondokea kandambili. Yeye anaendelea kuongea. Ni dereva aliyemwonyesha. Shemeji aliutazama mkono wake kama anatazama mkono wa mtu mwingine, kisha akauingiza mfukoni.

Nikasimama na ufagio wangu. Tangu lini huyu mtu anavaa kandambili gereji, yeye aliyewagombeza watu kwa kuja bila buti? Mashati yake ya vifungo yalienda wapi? Na ile chai ya saa nne ambayo sisi wote tunaipuliza, yeye anakifumbata kikombe kwa viganja na kuinywa hivyo hivyo, tukadhani ni ujeuri. Ilikuwa ujeuri kweli, lakini haikuwa ujeuri peke yake.

Nilimweleza mume wangu. Akasema kaka yake ana sukari, anaificha, na huenda imemla mishipa ya fahamu ya vidole. Akaniomba nizungumze naye faragha kabla kazi haijaanza, nisimwaibishe. Nikamuuliza, katika miaka tisa, mimi nilitukanwa faragha mara ngapi? Nilienda kulala na nikalala vizuri.

Asubuhi walisimama wote kuizunguka meza. Dereva alishika taa. Nilikuwa nimewahi, nikapiga mstari mwembamba wa chaki pembeni ya mfereji. Niliosha jointi mpya, nikashindilia grisi, nikavuta mpira. Nikauvuta kupita kiasi kwa makusudi, upana wa ukucha, mpaka ukaifunika chaki. Mfereji ukabaki mtupu chini yake. Mtu mwenye vidole angeujua kwa kugusa tu. Mimi mwenyewe niliujua, na sikufundishwa na mtu.

Nikasogea pembeni nikamwambia, "Shemeji, kagua."

Alikuja na madaha yake yote. Akafumba macho. Akazungusha vidole viwili, kimoja kimefungwa kitambaa, taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili. Nilimwona anakaza taya. Hapo nikajua kwamba anatafuta na hapati.

"Imekaa," alisema. "Kaza."

"Una uhakika?"

"Nilianza kazi hii wewe unanyonya."

Nikashika ukingo wa mpira nikaurudisha nyuma kidogo. Mstari wa chaki ukatokeza, mweupe, kila mtu akauona, na mpira ukaangukia kwenye mfereji kwa mlio mdogo, tup. Mwenye gereji alivua miwani, akaivaa tena. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu moyoni mwangu kabla ya kulala, ina mifano na tarehe. Yote ilinipotea, nikabaki na maneno machache.

"Hahisi kitu," nilisema. "Vidole vyake vimekufa."

Nilitaka abishe. Nilitaka anitukane, nipate nafasi ya kuendelea. Alifungua macho akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umejua lini?"

"Jana."

"Mimi tangu mwaka juzi," alisema, akatoka nje.

Hakufukuzwa. Mwenye gereji alisema hawezi kumtoa mtu aliyefika pale kabla hata banda halijaezekwa, kwa hiyo atabaki, ila ekseli hatagusa. Atanisaidia mimi. Akaniuliza kama nina neno. Ningeweza kumwombea kazi nyingine, kupokea wateja au kutunza vipuri. Nilisema sina neno. Nilifurahi, nakiri, nilifurahi mpaka nikaona aibu kidogo, kisha aibu ikapita na furaha ikabaki.

Mchana ule ule tukaanza ekseli ya kulia ya gari lile lile. Dereva alikuwa nje anasubiri, wengine wamekwenda kula. Nilimpa shemeji taa bila kumtazama.

"Shika taa vizuri," nilimwambia, "usiniyumbishie."

Maneno yake mwenyewe. Nilikuwa nimeyaweka miaka tisa. Alijua nilikoyatoa. Akasimama pale niliposimama mimi, upande wa kushoto wa meza, na mwanga ukatulia juu ya kazi yangu kama umepigiliwa msumari. Mimi sikuwahi kushika taa vile hata mara moja.

Nikavuta mpira. Nikapapasa mfereji, nikausikia, nikauketisha. Nikakaza klipu kubwa. Nilikuwa naanza klipu ndogo niliponusa kitu kinaungua. Nikadhani ni waya wa taa, nikaufuata kwa macho kutoka ukutani, kwenye sakafu, mpaka mezani. Waya ulikuwa mzima. Nikadhani mpira umegusa balbu. Haukugusa.

Alikuwa ameishika taa kwa mbele ili mwanga usicheze. Kidole gumba chake kilikuwa kimepenya kikapu cha chuma, kimelalia balbu. Ngozi imegeuka nyeupe, ukingoni inatoa moshi mwembamba. Naye hakuwa na habari. Macho yake yalikuwa kwenye vidole vyangu, hapo vilipokuwa juu ya ukingo wa mpira, anavitazama kwa uchungu ambao sikuwahi kuuona usoni mwake.

Nikaweka koleo chini, nikanyoosha mkono nikaichukua taa. Alishtuka, akaing'ang'ania. Alidhani namnyang'anya hata hiyo.

"Sijayumba," alisema.