Mama Saruji na ndege mwenye mdomo wa mwiko

Maji yanapwa. Kwenye njia ya mbao inayokatiza mikoko, mwanamke wa makamo anatangulia, darubini ya kuazima ikining'inia shingoni, mkono mmoja ameurudisha nyuma kumshika mzee asiteleze. Hasemi neno. Anayemfahamu anajua kwamba kumnyamazisha mama huyu si kazi ndogo, ila leo ana sababu. Asubuhi hii moja ndiyo itakayoamua kama atarudi kuwatembeza wageni au atabaki na ufagio hadi azeeke.

Katika hifadhi hii ya ndege, pale mto unapomwaga maji yake baharini, kila mtu anamwita Mama Saruji. Jina hilo alipewa na wifi yake mwenyewe, anayeuza chai getini, na mawifi mnawajua: wakishakubatiza, umebatizika.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana alimtembeza mzee huyuhuyu, fundi cherehani mstaafu aliyetoka mbali kumtafuta ndege mmoja tu: domomwiko, ndege mweupe ambaye mdomo wake mrefu umebapa nchani kama mwiko wa kupikia. Picha yake ilikuwa kwenye kalenda iliyotundikwa juu ya cherehani. Kalenda ilipitwa na wakati, fundi akakataa kuibandua. Alipostaafu, macho yakiwa yameshaliwa na sindano, akafunga safari.

Walizunguka tangu alfajiri wasione kitu. Jua likawa kali, mzee akachoka. Ndipo mama alipoona kitu cheupe kimesimama topeni, mbali, akatangaza kwa sauti kwamba ndiye. Wageni wengine wakaja mbio na kamera zao. Mmoja akachungulia kwenye darubini kubwa ya miguu mitatu, akacheka mpaka akakaa chini. Ulikuwa mfuko wa saruji, umenasa kwenye kisiki.

"Sikudanganya," anasema mama. "Nilimwonea huruma mno yule baba. Nilitaka kile kitu kiwe ndege wake, basi macho yangu yakanipa ndege."

Habari zilimfikia mkuu wa hifadhi kabla mama hajafika getini. Hakufukuzwa, lakini alinyang'anywa darubini na kupewa ufagio wa kufagilia njia ya mbao, kwa nusu ya mshahara wa awali. Nyumbani, mumewe, ambaye ni fundi baiskeli, alicheka hadi akashika mbavu. Mwisho wa mwezi ulipofika hakucheka tena. Binti yao aliyekuwa chuo cha ufundi akarudi nyumbani kusubiri ada.

"Hilo ndilo lililoniuma," anasema. "Jina la Saruji nimelizoea, hata nikiitwa naitikia."

Juma hili mzee akarudi, tena akamuulizia yeye. Mkuu akakuna kichwa, akakubali kwa sharti. Wakirudi getini, mzee mwenyewe ataulizwa kama ameridhika. Akiridhika, mama anarudishiwa kazi yake. Asiporidhika, ni ufagio.

Wanaingia kwenye kibanda cha kutazamia ndege, chumba kidogo cha mbao chenye uwazi mwembamba usawa wa macho. Nje, vitwitwi wanakimbiakimbia ukingoni mwa maji wakidonoa tope. Nyuma yao, peke yake, kuna ndege mweupe aliyejikunyata, nusu amefichwa na majani, mdomo ameuzamisha manyoyani. Amelala fofofo.

Mzee ananong'ona kuuliza kama ndiye. Mama anajibu kwamba hajui. Wanasubiri. Mzee anauliza tena, na mama bado hajui. Miguu yao inaanza kufa ganzi.

Ghafla mwewe anapita juu. Ndege wote wanaruka kwa mkupuo mmoja, na yule mweupe anakatiza mbele ya kibanda, karibu kabisa. Mzee anasimama, machozi yanamlengalenga.

"Nimemwona, mwanangu," anasema. "Nimemwona kwa macho yangu mwenyewe."

Anamshika mama mikono yote miwili, anamshukuru, anamwombea heri yeye na watoto wake.

Mama naye amemwona. Amemwona akiruka huku shingo ameikunja, wakati domomwiko akiruka huinyoosha mbele. Huyu ni yangeyange, ndege wa kila siku, ambaye hata kwenye mitaro ya mjini yupo.

Wala hana haja ya kudanganya. Anyamaze tu, mpaka getini. Binti atarudi chuoni na wifi atafunga mdomo. Wengi wetu tungenyamaza, tusijidai. Mama anapiga moyo konde.

"Baba, nisamehe," anasema. "Yule ni yangeyange."

Mzee anamwachia mikono. Uso unamsawijika. Anauliza kama ana hakika, na mama anamweleza habari ya shingo. Mzee anachukua fimbo yake, anatoka. Mama anamfuata nyuma akijua kwamba unga umeshamwagika.

Getini mkuu anawangoja, na wifi ameliacha birika jikoni asikose uhondo. Mkuu anamuuliza mzee kama ameridhika.

"Sijaridhika," mzee anajibu. "Ndege wangu sikumwona. Nilishafurahi, na huyu akaninyang'anya furaha mkononi." Anatafuta pa kukaa, anavuta pumzi. "Nikirudi, nitembee na yeye. Mwingine simtaki."

Mkuu anakuna kichwa tena, kwa kuwa sharti lake halikutegemea jibu la namna hiyo. Mwishowe anamwambia mama abaki na darubini. Wifi anawamiminia wote chai ya bure, jambo ambalo wazee wa kazi hapa hawakumbuki kuliona.

Sasa mama ana mpango. Mvua zikikatika, kila siku kabla ya kazi atakwenda ng'ambo ya mikoko, kwenye madimbwi ya maji haba, kutafuta mahali domomwiko wanapolala. Akishapajua atampigia mzee simu, na anataka iwe mapema, maana macho ya yule baba yanazidi kufifia.

"Nataka amwone kabla hayajazima kabisa," anasema. "Na siku hiyo nikimwambia ndiye, hataniuliza mara ya pili."