Mahari Ina Pande Mbili

Juzi, kwenye steshenari moja pale Omurushaka, binti wa chuo alikuwa anachapisha insha yake: mahari iendelee au ifutwe? Alipoisoma kwa sauti, mzee aliyekuwa anasubiri kutoa kopi akakunja uso.

"Mjukuu wangu, mbona unatetea, halafu unapinga?"

"Babu, mwalimu anataka pande zote mbili zipewe uzito sawa."

"Baba yako umemsomea?"

"Nimemsomea, kazikubali hoja zote. Za kupinga atazitumia kaka akioa, za kutetea nikiolewa mimi."

Mzee alicheka mpaka akashika kaunta. Mchumba wa binti, aliyekuwa pembeni, hakucheka. Aliomba atolewe kopi, kurasa za kupinga tu.

Simlaumu. Ni vigumu kutoegemea upande ng'ombe wakiwa wa kwenu.