Kadi Zilizokoma Kuja Kutoka Nairobi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo nakosa hamu ya kula. Nilikuwa msichana, karani wa maktaba ndogo hapa Kisumu, miaka ya themanini ikielekea kuisha, na nilijiona msomi kweli kweli.

Siku hizo kila kitabu kipya kilihitaji kadi yenye jina lake, mwandishi na mada, ndipo wasomaji wakipate. Kadi zetu zilichapwa na ofisi moja ya Nairobi, safi, herufi zimenyooka. Basi ikaja barua fupi: huduma imesimamishwa. Mzee Ouma, mkubwa wetu, akasema tuziandike wenyewe kwa mkono. Nikakataa katakata. Mwandiko wangu kando ya kadi za Nairobi? Niliona aibu. Nikaomba muda niwaandikie watu wa Nairobi barua za kuwasihi, naye kwa upole wake, ambao haukunisaidia, akakubali. Vitabu vipya nikavifungia kwenye katoni chini ya meza yangu. Vikakaa miezi minne.

Ndani ya miezi hiyo alikuja Mama Adhiambo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa mtaa wa Obunga. Mtoto wake alikuwa na kifafa.

"Madam, hakuna kitabu ya hiyo ugonjwa?"

Kilikuwepo, tena cha Kiswahili chepesi. Nilikitia kwenye katoni kwa mikono yangu. Nikamwambia bado hakijaingizwa kwenye orodha, arudi. Akarudi. Nikamwambia vile vile.

Mara ya tatu alikuja na mtoto mwenyewe, mikono yote miwili imefungwa bandeji. Kifafa kilimkamata akiwa peke yake, akaangukia jiko. Mzee Ouma akasikia. Akaniuliza kama kitabu kipo, nikajibu kipo, ila hakina kadi.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, bila kupaza sauti, "kwani jina ya kitabu imeandikwa wapi? Nairobi ama kwa kitabu?"

Akakata kamba ya katoni, akampa mama kitabu. Mama akakisoma amesimama, kidole chini ya mistari, hadi palipoandikwa kwamba mgonjwa wa kifafa asiachwe peke yake karibu na moto. Akaniangalia.

"Hii ilikuwa hapa?"

Nikasema ndiyo. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kesho yake tulianza kuandika. Maelezo mengi ya kadi, kumbe, yalikuwa yamechapwa nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Vitabu vya afya tulisaidiwa kuvipanga na muuguzi mmoja wa mtaa wa Mamboleo. Kwa wiki mbili katoni zikaisha. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya, na hakuna msomaji hata mmoja aliyelalamika.

Mwanangu, ulichozoea kikikatwa, sikitika, na barua andika ukitaka, lakini kazi isingoje majibu. Tafuta njia nyingine siku hiyo hiyo, hata kama haipendezi machoni pa watu, maana yuko mtu amekuja kwa miguu kutoka mbali na hana habari na mambo ya ofisi zenu. Mungu akuongoze, akulindie watoto wako, na asikuonyeshe kamwe mikono kama ile niliyoonyeshwa mimi.