Fremu Tupu ya Bi Swaumu

Fadhila ana studio ya picha hapa Kisarawe, jirani na genge langu, na mdomo anao kunizidi. Lakini siku hizi amenywea.

Kompyuta yake ilijaa. Fundi akamfungia diski ya pili, akamwambia ahamishie picha zote humo, ahakikishe zinafunguka, ndipo aifomati, yaani aifute yote, ile ya zamani. Fadhila kwa pupa yake akakopi vialama vya kwenye skrini vinavyokupeleka kwenye picha, si picha zenyewe. Akajaribu kimoja, picha zikafunguka. Zisifunguke vipi, na diski ya zamani bado imo? Akaifomati, zikapotea zote.

Humo zilikuwemo picha za mwali wa kijiji cha Mzenga siku anatolewa nje baada ya kuwekwa ndani kufundwa, bibi yake akicheza mbele. Bibi alifariki kabla hazijasafishwa.

Mama wa mwali, Bi Swaumu, akaja na fremu mkononi.

"Msingizie umeme," nikamnong'oneza Fadhila.

Akanitazama kama nimemtukana. "Shikamoo mama. Picha zenu nimezifuta mwenyewe, kwa haraka zangu."

Bi Swaumu hakuitikia salamu. "Sasa mama yangu nitamwona wapi?" Akaiacha fremu mezani, akaondoka.

Fadhila ameitundika tupu juu ya kompyuta. Sasa akishahamisha picha, kwanza anachomoa diski ya zamani, kisha anazifungua moja moja, ndipo airudishe na kuifomati. Wateja wakiulizia bei ya fremu ile, anawajibu bila kuinua macho, "Ina mwenyewe."