Ubao wa Lango la Bibi

Juzi nilipita Karatu, barabara ya kupandia Ngorongoro, nikaona kwenye geti la hoteli kibao kikubwa: You are welcome. Nilisimama kama niliyepigwa kofi. Maneno hayo, ndugu yangu, mimi niliwahi kuyaandika palepale, kwa mkaa, kwenye ubao wa lango la bibi yangu.

Pale lilikuwa boma lake. Asubuhi palinukia vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa moshi, na makande ya jana yakipashwa jikoni. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kuswaga ndama. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha yale maneno, akasema yakiandikwa mlangoni Mzungu anajua amekaribishwa. Nikaandika, nikajivuna.

Bibi hakupenda. Kwetu mgeni alisimama nje akaita, haingii mpaka aitikiwe. Akaniuliza, "Sasa huo ubao unajuaje nani amekuja?" Lakini hakuufuta. Aliwaambia majirani mjukuu wake anasoma.

Haukupita muda, mwenyekiti wa kijiji akaleta tajiri anayetafuta kiwanja cha hoteli. Bibi akakataa. Mkutano ukaitwa, na mwenyekiti, bila haya, akaja na ubao wetu ameung'oa. Akauinua juu: huyu bibi mwenyewe amekaribisha wageni kwa maandishi, leo anakataa nini? Watu wakacheka. Akamwomba mwalimu awasomee. Mwalimu alijua fika ni mwandiko wa mtoto wa darasani kwake. Alisimama, akaweka tai yake vizuri, akasema, "Imeandikwa: 'Karibuni.' Na imeandikwa sawasawa."

Akaketi. Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa mbele ya watu.

Sifichi: mwenyekiti yule na mwalimu yule ndio waliomtoa bibi kwake. Alifia chumba cha kupanga, mlango unatazama ukuta wa mtu, hakuna wa kumwita wala wa kumwitikia. Mimi shule ikaishia hapo, nikaenda kuchuma kahawa kwenye mashamba ya watu.

Zizi halipo, vibuyu havipo, hata ile harufu sijui niitafute wapi. Juzi pale getini nilisimama nje nikaita, kama bibi alivyotulea. Akatoka mlinzi, kijana wa hapahapa.

"Shikamoo mama. Unamtafuta nani?"

Nikamwonyesha kibao. Akakiangalia, akaniangalia, akaanza kurudisha geti taratibu.

"Hicho ni cha wageni, mama."